Bango la utafiti linaanzia kwenye karatasi ya A4

Msimu wa makongamano ukifika, wanafunzi hunijia na fleshi ili niwachapie bango la utafiti, na ndani ya fleshi kuna tasnifu nzima. "Dada, punguza tu herufi ziingie zote." Kupunguza naweza, kompyuta haikatai. Lakini bango hilo litasimama ukumbini katikati ya mengine mengi, na wanaopita mbele yake wameshika vikombe vya chai, macho yao yanatafuta wanaowafahamu. Nani atasimama asome aya kumi na mbili? Mimi kazi yangu ni kupanga na kuchapa, steshenari jirani na chuo hapa Dar es Salaam. Ya takwimu muulize msimamizi wako. Ya bango nisikilize mimi.

Soma kwanza maelekezo ya waandaaji. Wanataka A0 au A1? Wima au mlalo? A0 ni milimita 841 kwa 1189, na ubao wa kubandikia ukiwa mwembamba, bango la mlalo litaning'inia nje pande zote mbili. Ukishajua, panga ukubwa wa slaidi kwenye PowerPoint kabla hujaandika neno. Ukianza na slaidi ya kawaida halafu uje kuikuza mwishoni, picha zinavutika na mpangilio wote unahama.

Halafu funga kompyuta uandike sentensi moja: umegundua nini? Tuseme umetafiti ukaushaji wa dagaa Ziwa Viktoria. Wengi wataandika juu "Tathmini ya Mbinu za Ukaushaji wa Dagaa Miongoni mwa Wachakataji Wadogo". Hapo umenieleza ulichokuwa unafanya, matokeo hujayasema. Andika "Dagaa wa kwenye chanja hawana mchanga, na mnunuzi anaongeza bei", ikiwa ndivyo data yako inavyosema. Kichwa rasmi kilichopokelewa na waandaaji kiweke kwa herufi ndogo chini yake, wasije wakakutafuta kwenye ratiba wakakukosa.

Mwaka 2019 Mmarekani Mike Morrison, wakati huo akisomea uzamivu wa saikolojia, alipendekeza bango lenye sentensi moja kubwa ya matokeo katikati, pamoja na msimbo wa QR wa kumpeleka msomaji kwenye makala kamili. Wengi wakaupenda mtindo huo. Mimi nauchukua nusu. Sentensi kubwa, sawa. Grafu isisukumwe pembeni, kwa sababu mtafiti mwenzako anataka ushahidi palepale, na intaneti ya kumbi zetu ina yake.

Ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti, usiiweke, imeshachapwa kwenye kitabu cha kongamano. Utangulizi sentensi tatu, mbinu zikae kwenye mchoro mdogo, matokeo yachukue nusu ya bango, hitimisho fupi. Marejeo matatu au manne yanatosha. Acha na nafasi nyeupe. Bango lililojazwa kama daladala ya Mbagala jioni halisomeki hata herufi zikiwa kubwa.

Sasa kipimo ninachowalazimisha wateja wote, wakipenda wasipende. Ndani ya A0 moja zinaenea A4 kumi na sita: urefu umegawanywa kwa nne, na upana hivyo hivyo. Kwa hiyo chapa bango zima kwenye A4 moja, ishike nusu mita kutoka machoni. Unavyoliona hapo ndivyo atakavyoliona mtu aliyesimama mita mbili mbele ya bango lenyewe. Maandishi ya pointi 32 yamekuwa pointi 8, yanasomeka. Ya pointi 20 yamebaki 5, na utajikuta unakunja uso. Tazama hasa namba za kwenye mihimili ya grafu, maana Excel huziacha ndogo na hakuna anayezikumbuka. Kisha mpe karatasi hiyo mtu asiye wa fani yako. Baada ya nusu dakika mnyang'anye, umuulize umegundua nini. Akianza kukusimulia mbinu, rudi kwenye kompyuta. Gharama yake ni karatasi moja. Bango zima likirudiwa unalijua mwenyewe bei yake.

Picha iliyopita WhatsApp imeshabanwa, usiniletee. Tuma kama dokumenti au lete ile halisi kutoka kwenye kamera. Picha ya upana wa sentimita 30 inataka pikseli 1,800 hivi kwa upana ili itoke safi. Nembo ya chuo nayo: ile uliyoinakili kutoka kwenye tovuti ikikuzwa inatoka vipandevipande, kaombe faili halisi ofisi ya mawasiliano.

Grafu za duara za pande tatu (3D) zinadanganya macho, tumia grafu za pau. Andika jina la kundi juu ya pau yenyewe badala ya kisanduku cha rangi pembeni. Nyekundu na kijani usizipambanishe, wapo wasiozitofautisha. Bluu na chungwa zinafaa. Ujue pia kwamba bluu inayong'aa kwenye skrini hufifia kwenye wino.

Lete faili la PDF ambalo fonti zimo ndani, si la PowerPoint, kwa kuwa kompyuta yangu inaweza isiwe na fonti uliyotumia. Kama unasafiri kwa ndege, chapa kwenye kitambaa ukikunje kwenye begi. Turubai la plastiki ni imara na rahisi, ila linaakisi taa na likikunjwa alama hazitoki. Hilo libebe limeviringishwa.

Siku yenyewe nenda na pini zako na gundi ya pande mbili, za waandaaji huisha mapema. Simama ubavuni mwa bango, usilizibe. Nakala za A4 ziwe mkononi, maana wakubwa wengi huchukua karatasi kwanza, maswali wanakuja nayo baada ya chakula.