Bodi ya ampea 4 itoe 8

Dereva wa lori la miwa aliniletea bodi ya majaribio ya kushusha volti hapa Kondele, Kisumu. Inapokea volti 24 za lori na kutoa 12, ampea 4. Redio yake inataka ampea 8. Mosfeti (swichi ya elektroniki inayowasha na kuzima mkondo) niliyoiua naihesabu karo.

Hatua ya 1. Soma karatasi ya data ya IC, yaani chipu inayoongoza mosfeti. Hii huikata mosfeti pale rezista ya kupimia mkondo inapofikisha milivolti 50. Ilikuwa miliomu 10, yaani kilele cha ampea 5. Weka miliomu 5 ya wati 1, kilele kiwe 10. Njia mbili nyembamba za kupimia zianzie kwenye miguu ya rezista yenyewe, la sivyo hata ukinzani wa risasi ya kulehemu utahesabiwa.

Hatua ya 2. Hapa ndipo nilipoungua. Nilibadilisha rezista tu, koili (waya uliozungushwa kwenye kiini cha sumaku) nikaiacha. Kiini kikishajaa sumaku, koili inabaki waya mtupu: mkondo uliruka kabla IC haijawahi kukata, mosfeti ikalia pa! Tafuta koili ya waya mnene isiyojaa hadi ampea 12, henri zake (kipimo cha koili inavyozuia mkondo usibadilike ghafla) ziwe nusu ya ile ya kwanza. Mkondo utapanda na kushuka kwa ampea 2.4 hivi, kwa hiyo ukitoa 8, kilele ni 9.2.

Hatua ya 3. Kapasita za kuingilia zihimili ampea 4 za mawimbi, yaani mkondo unaoingia na kutoka ndani yake. Mosfeti ziwe za ukinzani mdogo, maana mkondo ukiongezeka mara mbili, joto la ukinzani ni mara nne. Lalisha waya wa shaba juu ya njia za bodi. Fyuzi ya kuingilia, ampea 7.5.

Hatua ya 4. Jaribu kwa balbu za gari: moja ya wati 55 na mbili za 21, jumla wati 97, yaani ampea 8 hivi kwa volti 12.

Swali: Fundi, nikiwasha balbu zote bodi inakata.
Jibu: Balbu baridi huvuta hata mara kumi. Anza na ya 55, ikishawaka ongeza nyingine.

Swali (Nakuru): Si niunganishe tu bodi mbili za 4 sambamba?
Jibu: Yenye volti za juu kidogo itabeba mzigo wote hadi ikate, ndugu yangu.

Swali: Koili inachoma kidole, ni kawaida?
Jibu: Yangu ilifika nyuzi 80 kwa nusu saa. Nimeifungia feni ya kompyuta, na nyuma ya dashibodi ya lori kwa jua la Kisumu, siitoi.