Jinsi ya Kupima Faida na Hasara za Jumuiya ya Afrika Mashariki

Tenganisha kwanza hatua za Jumuiya hii, kwani Umoja wa Forodha wa mwaka 2005, Soko la Pamoja la 2010 na shirikisho la kisiasa ambalo bado halijafikiwa havina gharama sawa. Kisha tazama mpakani, tuseme Namanga, kati ya Kenya na Tanzania: je, mfanyabiashara mdogo mwenye magunia ya mahindi na cheti cha uasili wa bidhaa (kinachoonyesha zimetoka nchi mwanachama) anavuka bila ushuru, au anakwamishwa na vibali vingine? Chunguza pia nani ananufaika zaidi, maana Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1967, ilivunjika 1977 kutokana na uhasama wa viongozi pamoja na manung'uniko kwamba Kenya inafaidi kuliko wenzake. Sarafu moja ya nchi wanachama, hatua nyingine inayokusudiwa, ipime kwa ukali zaidi, kwa kuwa nchi inayoikubali haiwezi tena kushusha thamani ya fedha yake peke yake.