Kuhamishia Space Invaders kwenye mashine ya kaseti

Mashine za gemu za kaseti zinazozunguka Mwanjelwa, Tunduma na Miyomboni pale Iringa zina majina mengi kwenye maboksi, lakini nyingi ndani ni kitu kimoja: nakala ya Famicom ya Nintendo iliyotoka 1983. Ukijua kuandikia moja, umeshajua nyingine. Anayetaka kujifunza kuhamisha gemu ya mashine ya sarafu kuingia humo aanze na Space Invaders ya Taito ya 1978, ile ya kupiga risasi kundi la wavamizi wanaoshuka kutoka juu. Pac-Man inavutia zaidi kwa macho, ila ile njia yake nyembamba na mizimu minne inayowaza kila mmoja kivyake itamchosha mtu kabla hajaona chochote kwenye skrini.

Kwanza ujue unahamisha nini kwenda wapi. Mashine ya sarafu ilikuwa na prosesa ya Intel 8080 ya megahezi 2, na skrini iliyosimama wima, upana pikseli 224 na urefu 256. Kila pikseli ilichorwa na programu yenyewe kwenye kumbukumbu ya baiti 7,168. Famicom haichori pikseli. Inapanga vigae vya pikseli 8 kwa 8, safu 32 kwa mistari 30, halafu juu yake zinaelea spraiti 64, yaani vipicha vidogo vinavyosogea bila kufuata vigae. Mstari mmoja wa skrini hauwezi kuonyesha spraiti zaidi ya 8. Hapo ndipo wengi wanapoangukia: wanafanya kila mvamizi spraiti. Wavamizi wako 11 kwa mstari, kila mmoja anahitaji spraiti mbili kwa upana, jumla 22. Kuanzia wa tano hawaonekani kabisa.

Kwa hiyo wavamizi wakae kwenye vigae vya nyuma. Spraiti ziachie mzinga, risasi, makombora na ile sahani inayopita juu.

Swali linalofuata: vigae vimekaa palepale kila baada ya pikseli 8, mvamizi anasogea pikseli 2 kwa hatua, itakuwaje? Unamchora mara nne, akiwa ameanzia pikseli ya 0, ya 2, ya 4 na ya 6 ndani ya kigae. Aina za wavamizi ni 3, mikao 2, nafasi 4, vigae 2 kila mmoja: jumla vigae 48 kati ya 256 ulivyo navyo. Nafasi inabaki tele ya herufi, namba na ngome.

Ila kuna mtego. Mvamizi mkubwa wa asili ana upana wa pikseli 12. Akianzia pikseli ya 6 anafika ya 17, yaani anaingia kigae cha tatu, na kigae hicho ni cha jirani yake wa kulia kwa kuwa wamepishana pikseli 16. Matokeo yake ni mikono iliyokatika na vipande vya mguu vinavyobaki angani. Dawa ni kumpunguza awe na pikseli 10, na yule wa kati wa 11 awe 9 ili pande zake mbili zilingane. Kwenye tivi ya chogo hakuna mchezaji atakayegundua.

Mtego wa pili ni mpangilio wa kusogeza. Kundi likienda kulia, anza na mvamizi wa kulia kabisa urudi kushoto; likienda kushoto, geuza. Ukikosea, wa nyuma anakanyaga kigae ambacho wa mbele bado hajakiacha. Kushuka hakuna shida: wanashuka pikseli 8, kigae kimoja kamili.

Uzuri wa gemu hii ni kwamba mashine ya asili ilikuwa dhaifu, na udhaifu huo ndio uliotengeneza mchezo. Ilisogeza mvamizi mmoja tu kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya skrini. Wakiwa 55, hatua moja ya kundi zima inachukua fremu 55. Wakibaki 5, inachukua fremu 5, ndiyo maana wanazidi kukimbia kadiri unavyowaua. Usiandike msimbo wa kuongeza kasi. Sogeza mmoja kwa fremu na kasi itakuja yenyewe. Tena kwa Famicom hiyo ni neema, maana kila fremu unabadilisha vigae viwili hadi vinne tu.

Mabadiliko hayo yafanyike skrini ikiwa imepumzika, kati ya mwisho wa fremu moja na mwanzo wa nyingine. Muda huo ni kama mizunguko 2,270 ya prosesa, na kupakia spraiti kupitia anwani $4014 (alama ya $ ni namba ya heksadesimali) kunakula 513. Anwani ya kigae ni $2000 + mstari × 32 + safu. Mvamizi wa mstari wa 10, safu ya 6, yuko $2146. Kwa asembli, lugha ya prosesa, unaandika hivi ($2006 inapokea anwani, $2007 inapokea kigae):

bit $2002
lda #$21
sta $2006
lda #$46
sta $2006
lda kigae1
sta $2007
lda kigae2
sta $2007
lda #0
sta $2005
sta $2005

Mistari mitatu ya mwisho ndiyo inayosahaulika kuliko yote. Kuandika kwenye $2006 kunavuruga nafasi ya skrini. Usipoirudisha, picha nzima inaruka kila mvamizi anaposogea. Na kama umegusa rangi za $3F00, andika upya $2000 pia.

Urefu wa skrini nao unabana. Asili ina pikseli 256, wewe una 240, na tivi nyingi zinameza mstari wa kigae juu na mwingine chini. Ondoa maandishi ya sarafu, hayana kazi nyumbani. Mpangilio unaokaa vizuri: alama mstari wa 2, sahani wa 4, wavamizi kuanzia wa 6 hadi wa 14 kwa kuruka mmoja, ngome wa 22 na 23, mzinga wa 26, maisha yaliyobaki wa 28. Kwa upana acha safu mbili kila upande.

Rangi ni raha. Gemu ya asili ilikuwa nyeusi na nyeupe, imebandikwa plastiki za rangi juu ya kioo: kijani chini, nyekundu karibu na juu. Famicom hugawa rangi kwa miraba ya pikseli 16, jambo linalotesa watu kwenye gemu nyingine, lakini hapa unaijaza $23C0, sehemu inayoshika rangi za vigae, mara moja mwanzoni na huigusi tena. Hakikisha tu kila ukanda unaanzia mstari wa namba shufwa.

Ngome zinazomomonyoka pikseli kwa pikseli zinataka RAM ya picha (kumbukumbu inayoandikika gemu ikiendelea), mfano chipu ya 6264, badala ya ROM (isiyobadilika). Kwa mara ya kwanza achana nazo. Chora kila kigae cha ngome kwa viwango vinne vya uharibifu, risasi ikigonga shusha kiwango kimoja.

Sasa kasi. Mashine za sarafu zilikimbia fremu 60 kwa sekunde. Nakala zinazouzwa kwetu mara nyingi ni za fremu 50, na za zamani utazijua kwa chipu zenye maandishi UA6527P na UA6538. Usiporekebisha, wavamizi 55 watamaliza hatua kwa sekunde 1.1 badala ya 0.92, na gemu itakuwa na usingizi. Rekebisha hivi: kila fremu ya tano sogeza wavamizi wawili. Vitu vya spraiti vipe kasi yenye sehemu ya desimali katika baiti mbili, ya kwanza pikseli kamili, ya pili sehemu kati ya 256: pikseli 1 kwa fremu iwe $0133, pikseli 4 ziwe $04CD. Sauti usihangaike nayo sana. Noti ya hezi 440 inataka namba 253 kwenye mashine ya 60 na 251 kwenye hizi zetu, tofauti haisikiki. Mapigo manne ya mwendo yaweke kwenye chaneli ya pembetatu, milipuko kwenye ile ya kelele.

Ukimaliza kuandika kwa ca65, programu inayogeuza asembli kuwa faili ya gemu, jaribu kwenye emulata ya Mesen (programu ya kompyuta inayoiga mashine) ukiwa umechagua aina ya Dendy, yaani nakala za fremu 50, siyo NTSC ya fremu 60. Faili iwe na kichwa 4E 45 53 1A 02 01 na ukubwa wa baiti 40,976 kamili. Kisha ikate:

dd if=gemu.nes of=prg.bin bs=1 skip=16 count=32768
dd if=gemu.nes of=chr.bin bs=1 skip=32784 count=8192

Ya kwanza inaingia kwenye chipu ya 27C256, ya pili kwenye 27C64, zote EPROM, yaani chipu za kumbukumbu unazoandika mwenyewe. Chukua zenye kasi ya nanosekunde 150 au chini. Zilizotumika huuzwa zikiwa na data ya zamani, kwa hiyo soma kwanza: chipu safi inatoa FF tupu. Yenye kidirisha ibandike stika ukimaliza kuandika.

Kaseti ya kuchinja ichague kwa kufungua skrubu. Nyingi za manjano zina tone jeusi la gundi katikati ya bodi. Hizo zina faida ya ganda tu. Tafuta yenye chipu mbili za miguu 28. Miguu ya ROM za kiwandani haifanani yote na ya EPROM, kwa hiyo fuatilia kwa mita kila mguu hadi kwenye meno 60 ya bodi, hasa 1, 20, 22 na 27, kabla ya kulehemu. Weka soketi, usilehemu chipu moja kwa moja, maana utaitoa zaidi ya mara moja. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 ikae kati ya mguu wa 14 na wa 28.

Ikifanya kazi kwenye emulata ikagoma kwenye mashine, anza na mambo haya. RAM ya kweli haianzi na sufuri, isafishe mwenyewe. Subiri skrini ipumzike mara mbili kabla ya kuandika picha. Ukisoma pedi kwenye $4016 chukua biti ya kwanza tu kwa and #$01, la sivyo mzinga utatembea peke yake. Ikijizima na kuwaka ovyo, hasa jioni umeme unaposhuka, pima mguu wa kutokea wa 7805 (chipu inayodhibiti volti) ndani ya mashine: ikiwa chini ya volti 4.75, usiilaumu programu. Na kwa walioko Tukuyu na Rungwe, mvua na ukungu hutia kutu kwenye meno ya kaseti. Yasugue kwa spiriti na pamba, usipulize kwa mdomo.

Ukitaka kuiuza, chora wavamizi wako na uipe jina lako, kwa sababu jina na michoro ile vina mwenyewe.

Hesabu ya sahani usiisahau: katika gemu ya asili, kuiangusha kwa risasi ya 23, kisha kwa kila ya 15 inayofuata, hutoa alama 300. Wachezaji wa vibandani watahesabu.