Puli ya dau Nairobi: jinsi ya kulenga, na mambo ya kupatana kabla pesa haijawekwa

Kuna kosa moja linalomaliza pesa za wengi kwenye meza za sarafu, kuanzia Kayole hadi Kawangware. Mchezaji anatazama shimo, anaona mahali mpira unapotakiwa kuguswa ili uingie, kisha anaelekeza katikati ya mweupe, yaani mpira unaopigwa kwa fimbo, kwenye alama hiyohiyo. Mpira unagonga ukingo kando ya shimo, naye analaumu meza. Meza haina hatia. Mipira yote miwili ni ya mviringo, kwa hiyo kabla katikati ya mweupe haijafika kwenye alama hiyo, ubavu wake umekwisha kugusa mahali pengine, na mguso unakuwa mnene kuliko ulivyokusudia, yaani umegusa sehemu kubwa mno ya mpira.

Dawa yake ni kuzidisha umbali mara mbili. Simama nyuma ya mweupe, utazame mpira unaotaka kuuingiza. Kadiria umbali kutoka katikati yake hadi alama ya mguso, kisha songa kuelekea nje umbali uo huo tena. Hapo ndipo katikati ya mweupe inapoelekezwa. Alama ikiwa nusu ya njia kati ya katikati ya mpira na ukingo wake, basi unalenga ukingo wenyewe. Hiyo ndiyo shoti ya nusu mpira, nayo huutuma mpira kwa pembe ya digrii 30. Ijue hiyo kwanza kuliko zote, kwa sababu shabaha yake inaonekana wazi kwa macho. Ukigusa robo tatu ya mpira, yaani mweupe ukifunika robo tatu yake ukitazama kutoka nyuma, pembe ni digrii 14 na nusu hivi. Ukigusa robo, ni karibu 49.

Ili jicho lizoee, fanya zoezi hili mchana wakati meza haina foleni. Weka mpira sentimita 40 kutoka shimoni. Uegemeze mpira mwingine nyuma yake, katika mstari mmoja na shimo, kisha uuondoe huo wa pili na uache kipande kidogo cha karatasi pale ulipokuwa umekalia. Karatasi hiyo ndiyo makao ya mpira kivuli, yaani mahali mweupe unapotakiwa kuwa wakati wa kugusa. Kwa mipira ya milimita 57, karatasi itakuwa milimita 28 na nusu kutoka ubavu wa mpira. Kwa ile midogo ya milimita 51, ni 25 na nusu. Piga mara 20 ukilenga karatasi tu, usiutazame mpira. Kisha toa karatasi upige 20 nyingine. Angalia pia mweupe wenyewe: kwenye baadhi ya meza za sarafu ni mdogo kidogo kuliko mipira mingine, ili mashine iutambue na kuurudisha, na hapo vipimo hivi vinapungua kidogo.

Lakini kulenga vizuri hakusaidii kitu kama mkono unayumba. Chukua shoti iliyonyooka, mweupe ukiwa mita moja kutoka kwenye mpira. Ukikosea kwa nusu digrii tu, mweupe unafika ukiwa umehama karibu milimita 9. Kosa hilo dogo linaupotosha mpira kwa karibu digrii 9, na kama shimo liko nusu mita mbele, unapita kando yake kwa karibu sentimita 8. Ndiyo maana kidevu kinashuka karibu na fimbo, kiwiko cha nyuma kinatulia, na kichwa hakiinuki hadi mweupe umegusa. Anayeinuka mapema kutazama matokeo huyaharibu kwa bega lake mwenyewe.

Mipira ya baa huwa imeshika mafuta ya chipsi, jasho na vumbi la chaki. Uchafu huongeza msuguano pale mipira inapogusana, nao huuburuta mpira kidogo kuelekea anakokwenda mweupe, hasa ukipiga taratibu. Kata nyembamba kuliko hesabu inavyosema, yaani gusa sehemu ndogo zaidi ya mpira, au omba kitambaa uipanguse kabla ya kuanza. Na usipige mweupe pembeni bila sababu: ukiupiga kulia, huanza safari yake ukiwa umekwepa kidogo kushoto, na kwa fimbo za baa ambazo ncha zake zimechakaa, hujui utakwepa kiasi gani. Ili mweupe utue pazuri kwa shoti inayofuata, kumbuka jambo moja tu. Mweupe unaobiringika, ukigusa karibu nusu mpira, hutoka njia yake kwa takriban digrii 30. Ukigusa ukiwa unateleza bila kubiringika, huachana na ule mpira kwa pembe mraba. Tazama kama kuna shimo katika njia hiyo kabla hujapiga.

Sasa dau. Kwanza sukuma mpira polepole kando ya kila ukingo uone meza imeinamia wapi. Kisha mpatane kwa sauti, watu wakisikia: adhabu ya kosa ni shoti mbili au mweupe mkononi, yaani mpinzani auweke anapotaka? Mweusi, ule mpira wa mwisho unaoamua gemu, unatajiwa shimo au la? Ukiingia wakati wa kufungua, yaani kwenye shoti ya kwanza ya kutawanya mipira, inakuwaje? Ugomvi mwingi wa pesa huzaliwa hapa wala si kwenye shoti.

Idadi ya gemu ni muhimu kuliko ukubwa wa dau. Tuseme unamzidi mwenzako, unashinda gemu 6 katika kila 10. Kwa gemu moja, nafasi yako ni asilimia 60. Mkicheza hadi atakayefikisha 3, inapanda hadi 68. Hadi 5, inafika 73. Aliye bora atake safari ndefu, na mnyonge atake fupi. Ndipo mwenzako atakapoomba apewe gemu za kuanzia. Katika mechi ya kufikisha 5, ukimpa moja unabaki na asilimia 59. Ukimpa mbili unashuka hadi 42, yaani umegeuka mnyonge kwenye dau lako mwenyewe. Wengi hutoa mbili kwa majivuno, bila kujua wamevuka mpaka.

Usiongeze dau mara dufu ili kurudisha kilichopotea. Ukianza na soo moja, yaani shilingi 100, kupoteza mara 5 mfululizo ni shilingi 3,100, na gemu ya sita inadai 3,200 nyingine. Jihadhari na mgeni anayekosa mipira rahisi huku mweupe wake ukitua pazuri kila mara. Mikono mibovu haipati nafasi nzuri hivyo.

Pesa ashike mtu wa tatu, taslimu, kabla ya kufungua. Muamala wa M-Pesa unaweza kuombewa urudishwe baada ya mweusi kuingia. Sheria ya Kenya inakataza kamari mahali pasipo na leseni, na aliye chini ya miaka 18 hana ruhusa ya kucheza kamari popote. Kijana wa namna hiyo akiomba dau, mwachie meza acheze kwa mbao yake ya sarafu, yaani shilingi 20, na mshika pesa asipokee chochote kutoka kwake.