Kumpa maji nyoka wa sumu bila mkono wako kuingia kizimbani

Wafugaji wengi wa nyoka wenye sumu, nazungumzia wenye kibali cha wanyamapori maana bila kibali hiyo ni kesi, panya wanatoa vizuri kabisa ila maji wanachukulia poa. Hapa Tabora kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua zianze mwezi wa kumi na moja hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, na nyoka aliyefungiwa hana pa kwenda kujitafutia umande.

Afu kumbuka panya unampa mara moja kwa wiki mbili hivi lakini bakuli unaligusa kila siku, kwa hiyo maji ndo yanakufungulisha mlango kuliko kitu kingine chochote. Mimi kuna asubuhi nilichungulia nikaona kifutu kajikunja kona ya mbali, nikasema ngoja nitoe bakuli chap, nimelishika tu akapiga, meno yakagonga ukingo wa bakuli karibu kabisa na kidole gumba, nikaona sumu ya njano inachuruzika kwenye udongo. Kifutu unamuona mzito lakini akipiga humuoni. Toka siku ile mkono wangu hauingii.

Weka ndani sanduku la kujifichia lenye kamlango ka kuteleza unakosukuma kwa fimbo ukiwa nje. Akiingia funga, piga kufuli, hakikisha umemuona kwa macho yako yuko humo, ndo ufungue kizimba. Hujamuona? Usifungue, rudi baadae. Bakuli litoe kwa koleo ndefu. Kwa kuongeza maji tu huna haja hata ya kufungua, toboa tundu dogo kwenye kizimba, juu ya bakuli, pitisha mrija mgumu, ziba pembeni vizuri na wavu wa waya, mimina kwa faneli. Kama ni swila, yule anayetema sumu, vaa kinga ya uso kama ya fundi wa grainda, maana mate yake yanapita kwenye wavu, na yakikuingia machoni osha kwa maji mengi dakika 15 mpaka 20 halafu hospitali. Na usifanye peke yako, awepo mtu wa pili na usafiri wa kukuwahisha uwe unajulikana kabla hujashika fimbo.

Bakuli liwe zito, la udongo ni zuri, likae upande wa baridi na usilijaze mpaka juu, akijizungusha humo yatamwagika na matandiko mabichi yanamtoa malengelenge tumboni. Maji ya bomba yenye klorini yalaze kwenye ndoo usiku mmoja. Akijisaidia humo mwaga saa hiyo hiyo, osha na sabuni, suuza sana.

Sasa bakuli kujaa sio kwamba amekunywa. Angalia ngozi ikijikunja mikunjo ubavuni, macho kuzama, ile sehemu nyeupe ya kinyesi kuwa ya njano na ngumu. Kifutu hasa anapenda matone, kwa hiyo jioni mnyunyizie kwa chupa ya kupulizia ukiwa nje, kidogo tu, halafu tulia umuangalie. Anageuza kichwa taratibu, anaweka mdomo kwenye mkunjo wa mwili wake mwenyewe, taya zinacheza polepole anafyonza tone kwa tone. Mimi naweza kukaa pale nusu saa nzima. Ila asubuhi pawe pamekauka, unyevu wa muda wote unamletea shida ya mapafu.

Akishinda ndani ya maji siku nzima kagua utitiri, vidoti vyeusi pembeni ya macho. Aliyekauka sana usimlishe kwanza na usijaribu kumnywesha kwa bomba la sindano, muite daktari wa mifugo anayejua nyoka.

Macho yakiwa na ukungu wa bluu anakaribia kujivua gamba, haoni vizuri na anapiga chochote, siku hizo maji ni ya mrija tu na ongeza kunyunyizia. Gamba likitoka vipande vipande, mara nyingi maji au unyevu ulikuwa mdogo. Likitoka zima toka mdomoni mpaka mkiani kama soksi iliyogeuzwa, lichukue kwa koleo ulishike kwenye mwanga utafute vile vioo viwili vya macho, yaani vigamba angavu vinavyofunika macho, vikiwepo vyote basi ni dalili nzuri kwamba alikuwa anapata maji ya kutosha.