Somo: Umekuja na usaha, usiondoke bila kupima VVU

Wapendwa, msimu wa korosho ndio huu. Minada ikishaanza Oktoba, pesa inaingia Tandahimba, Newala na Masasi, halafu sisi wauguzi tunaanza kuwaona wanaotembea miguu imeachana kidogo kwa magonjwa ya ngono. Sicheki mtu. Nataka tu mjue la kufanya, hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Anzia kituoni, duka la dawa baadaye. Muuza dawa hakuoni kidonda, anakuuzia vidonge kwa kusikiliza maneno mawili uliyonong'ona dirishani. Dawa isiyotimia hupunguza dalili, ugonjwa ukabaki.

Hatua ya 2: Sema ukweli. Zahanati nyingi hutibu kwa kufuata dalili, hazingoji maabara. Mwanaume mwenye usaha hutibiwa kisonono na klamidia kwa pamoja, mwenye kidonda ana tiba yake. Ukija na hadithi ya "UTI tu, dada", utatibiwa UTI.

Na kidonda kisichouma msikidharau! Kidonda cha kaswende mara nyingi hakiumi, na hufunga chenyewe baada ya wiki 3 hadi 6. Mtu anashukuru mizizi aliyokunywa, kumbe ugonjwa umehamia ndani.

Hatua ya 3: Pima VVU siku hiyohiyo. Hapa ndipo watu hunikimbia: "Nimekuja kwa usaha, hayo mengine ya nini?" Ni hivi: njia iliyokuletea kisonono ndiyo hiyohiyo VVU hupita. Tena kidonda ni mlango uliofunguliwa. Hata pasipo kidonda, uvimbe wa ndani hukusanya chembe za kinga mahali pale, na ndizo hasa virusi wanazozitafuta. Kwa aliye na VVU bila kutumia dawa, ugonjwa wa ngono huongeza virusi kwenye majimaji yake, hivyo ni rahisi zaidi kumwambukiza mwenzake. Mkoani Mwanza, miaka ya mwanzo ya 1990, vijiji vilivyoboreshewa tiba ya magonjwa ya ngono vilipata maambukizi mapya ya VVU pungufu kwa takriban 40% kuliko vijiji vingine. Utafiti uliofanyika Uganda kwa njia tofauti haukupata punguzo kama hilo, kwa hiyo sisemi kutibu kisonono kunamaliza UKIMWI. Nasema viwili hivi ni majirani, ukimwona mmoja mwulizie wa pili.

Kipimo chenyewe ni tone la damu kidoleni, majibu ndani ya nusu saa. Utaombwa ridhaa kwanza, na ukikataa bado utatibiwa usaha wako.

Hatua ya 4: Yaelewe majibu. Kipimo cha kwanza kikionyesha VVU, hurudiwa kwa kipimo cha aina nyingine kabla hujaambiwa lolote. Ikithibitika, unapelekwa CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, na kuanza dawa mapema. Siku hizi hakuna kungoja CD4, yaani chembe za kinga, ishuke. Ukikutwa huna, hesabu miezi 3 tangu ulipojiweka hatarini mara ya mwisho, urudi. Usaha wa kisonono huweza kutoka siku chache tu baada ya tendo, wakati VVU bado haijaonekana kwenye kipimo.

Hatua ya 5: Mlete mwenza. Usipomleta utakuja tena mwezi ujao.

Maswali ya wanachama

Swali: Dada, nilimeza dawa za dukani, usaha umekata wiki ya pili sasa. Bado nina haja ya kupima?
Jibu: Unayo, kaka. Dawa ya kisonono haigusi VVU hata kidogo. Nenda, na ueleze ulichomeza. Chukua na pakiti kama bado unayo.

Swali: Mume wangu karudi kutoka mnadani, naona anaficha bukta. Mimi sina dalili yoyote.
Jibu: Pole mama. Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawaoni dalili, na ugonjwa unaweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi. Usingoje akiri. Nenda ukatibiwe na upime VVU. Mkienda wote wawili itakuwa bora. Kama una mimba, mwambie mhudumu mapema, kwa sababu kaswende humfikia mtoto tumboni.

Swali: Shikamoo dada. Nina miaka 16, nitapimwa bila mzazi?
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Ndiyo. Sheria ilirekebishwa mwaka 2019, kuanzia miaka 15 unaridhia mwenyewe. Na kama kuna mtu aliyekulazimisha, mwambie muuguzi, hilo lina msaada wake.

Swali: Kondomu ilipasuka juzi usiku. Ningoje hiyo miezi 3?
Jibu: Usingoje hata kesho! Kuna dawa za kuzuia VVU baada ya tukio, PEP, zinazoanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28. Juzi usiku mpaka sasa umeshatumia zaidi ya nusu ya muda. Kama upo Mtwara mjini, nenda hospitali ya Ligula; kama upo Lindi, nenda hospitali ya Sokoine. Kwingine nenda kituo chochote chenye CTC, na kama kimefungwa ingia wodi ya dharura ya hospitali iliyo karibu. Panda bodaboda sasa, utanijibu ukifika.