Antena ya Vivaldi ya gigahezi 2 hadi 10: kutoka vipimo hadi majaribio

Antena ya Vivaldi, iliyotambulishwa na Peter Gibson mwaka 1979, ni mwanya uliokatwa kwenye shaba ya bodi ya saketi: mwembamba shingoni, kisha unatanuka kwa mkunjo wa eksponenti hadi mdomoni. Wimbi husafiri ndani ya mwanya na kuiacha bodi pale upana wa mwanya unapokaribia nusu ya urefu wa wimbi. Kwa hiyo masafa ya juu hutoka karibu na shingo, ya chini karibu na mdomo. Upana wa mdomo huamua masafa ya chini kabisa. Mengine karibu yote huamuliwa na sehemu ndogo ya nyuma, pale nishati inapohama kutoka mkanda wa kulishia kuingia kwenye mwanya. Wengi huhangaika na mkunjo na kuipuuza sehemu hiyo, kisha hushangaa antena inapokataa kufanya kazi juu ya gigahezi 6.

Anza na bodi. RO4003C ya Rogers yenye unene wa mm 0.813 na shaba pande zote mbili inafaa: εr (kipimo cha jinsi bodi inavyopunguza kasi ya wimbi) ya kusanifia ni 3.55, na upotevu wake (tan δ) ni 0.0027. Kabla ya kubadilisha unene, kokotoa (√εr − 1) × unene ÷ urefu wa wimbi hewani. Jibu likae kati ya 0.005 na 0.03. Hapa, kwenye gigahezi 10, ni 0.024. Bodi ya mm 1.524 ingetoa 0.045, na boriti (mwale wa mawimbi unaotoka mbele ya antena) ingeanza kupasuka vipande. FR-4, bodi ya kawaida ya nyuzi za kioo yenye upotevu wa karibu 0.02, itumie kujifunzia tu: hula nishati, na kwa kuwa nishati iliyoliwa hairudi kwenye konekta, S11 (kipimo cha nishati inayorudi kwenye konekta) huonekana nzuri kuliko antena yenyewe ilivyo.

Kwenye gigahezi 2 urefu wa wimbi ni mm 150. Mdomo unahitaji angalau nusu yake, yaani mm 75; weka 80. Urefu wa mkunjo uwe mm 150. Mwanya wa shingoni uwe mm 0.3, hivyo nusu ya upana kwa umbali z kutoka shingoni ni:

y = 0.15 × e^(0.03724 × z), vipimo vyote kwa mm

Hakiki mchoro kabla ya kuutuma kiwandani. Katikati, z = 75, upana mzima uwe mm 4.9 tu; kwa z = 120 uwe mm 26.2, mwishoni mm 80. Acha shaba ya mm 15 kila upande wa mdomo, bodi iwe takriban mm 110 kwa 185. Pembe za mdomo zizungushwe, kwa sababu pembe kali hurudisha wimbi nyuma.

Sasa mlisho. Upande wa pili wa bodi chora mkanda wa omu 50, upana mm 1.8, ukivuka mwanya kwa pembe mraba. Mkanda uingie kutoka ukingo wa nyuma na kupinda kwa tao lenye nusu-kipenyo kisichopungua mara tatu ya upana wake. Kuuingiza kutoka ubavuni kunaokoa kona hiyo, lakini kebo italala sambamba na uga wa umeme wa antena na kubeba mkondo usiotakiwa.

Baada ya kuvuka, mkanda uishie kwenye kipande chenye umbo la pepeo (sehemu ya duara, kama feni ya mkono), nyuzi 80 hadi 90, nusu-kipenyo mm 8. Nyuma ya shingo, mwanya uishie kwenye duara lisilo na shaba lenye kipenyo cha mm 13, likianzia mm 1 au 2 nyuma ya mkanda. Hakikisha pepeo halilali juu ya duara wala juu ya mwanya. Vipimo hivi viwili vinatokana na robo ya urefu wa wimbi katikati ya masafa kwa uwiano (√(2 × 10), karibu gigahezi 4.5), na ni mahali pa kuanzia tu. Kwenye programu ya simulesheni vibadilishe kwa hatua za mm 0.5, kimoja kwa wakati, ukitazama S11.

Agiza bodi bila rangi ya kinga kwenye mwanya na mkanda. Mwanya wa mm 0.3 ni mgumu kwa kemikali za nyumbani, kwani asidi hula pembeni na impidansi hubadilika. Konekta ya SMA (konekta ndogo ya skrubu ya kuungia kebo) ya ukingoni ikae imebana kwenye bodi kabla ya kulehemu: pengo dogo kati yake na bodi huharibu masafa ya juu kwanza.

Sawazisha VNA (kifaa cha kupima S11) kwenye ncha ya kebo, si kwenye kifaa chenyewe. S11 ikae chini ya desibeli −10. Ikipanda karibu na gigahezi 2, panua mdomo au duara. Ikipanda juu ya 8, kagua konekta na pepeo. Mawimbi madogo yanayojirudia kila gigahezi 0.8 hadi 1 yanatoka mdomoni, na tiba yake ni kuzungusha zaidi zile pembe za mdomo.

S11 pekee haitoshi. Tengeneza antena mbili zinazofanana, zitazamane kwa umbali wa mita 2.5, mbali na sakafu na kuta. Kwenye gigahezi 10 upotevu wa njia ni desibeli 60.4; ukisoma S21 (kipimo cha nishati inayofika antena ya pili) ya −40.4, kila antena ina geini (uwezo wa kuelekeza nguvu mbele) ya dBi 10, yaani desibeli 10 zaidi ya antena inayotawanya sawa pande zote. Kwenye gigahezi 2 upotevu ni 46.4.

Ukitaka kuilisha sahani ya parabola, kumbuka kwamba kitovu cha fezi (mahali mawimbi yanapoonekana kuanzia) huhama kadiri masafa yanavyobadilika. Kiweke kwenye fokasi kwa masafa unayoyahitaji zaidi, na ukubali hasara kwa mengine.